Matanuri Mawili

Katika kazi zote zifanywazo na binadamu, sioni imzeeshayo mtu mapema kuliko mchezo. Mkulima wa miaka 30 huitwa kijana. Seremala wa umri huo ndiyo kwanza aanza kuaminiwa na wateja. Na mwalimu wa umri huo huambiwa na waliomtangulia kwamba bado hajui kitu. Mchezaji wa miaka 30 huitwa mkongwe. Watu huzitazama hatua zake kwa shaka, huyahesabu makosa yake kuliko ushindi wake, na vijana humwamkia kwa heshima ambayo ndani yake mna kumuaga. Kazi iliyomlea inamwacha, naye bado ana nusu ya maisha, pengine zaidi, ya kuishi. Swali la insha hii ni dogo kwa maneno na kubwa kwa uzito: nusu hiyo ya pili aifanyeje, na je, nusu ya kwanza ilistahili kutolewa kwa kazi ipitayo upesi hivyo?

Nilizaliwa Sumbawanga mwaka 1980. Mwezi Januari wa mwaka huo alizaliwa Moscow mtoto aliyeitwa Marat Safin, nami humtumia kama kipimo kila nifikiripo jambo hili. Mwaka 2000, nilipokuwa kijana ningojaye nafasi ya chuo, yeye alimshinda Mmarekani Pete Sampras katika fainali ya mashindano makuu ya tenisi ya Marekani, na kabla ya mwaka kwisha alihesabiwa mchezaji wa kwanza duniani. Mwaka 2005 alichukua ubingwa wa Australia. Mwaka 2009 aliagana na mchezo akiwa na miaka 29, na mwaka 2011 alichaguliwa kuingia katika bunge la Urusi. Nilipotunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 2016, ambayo kwangu ilikuwa mlango wa kuingilia kazini, Safin alikuwa akiingizwa katika jumba la heshima la wachezaji wa tenisi, mahali wanapowekwa watu ambao kazi yao imekwisha. Tu watu wa umri mmoja. Lakini saa iliyokuwa asubuhi kwangu ilikuwa jioni kwake.

Swali hili lisingenishughulisha sana kama lingebaki Moscow. Limebisha hodi nyumbani kwetu. Dada yangu akaaye Sumbawanga ana mwana wa miaka 19, aliyemaliza kidato cha sita na kupata nafasi katika chuo cha ualimu. Kijana huyu hukimbia. Alfajiri, ukungu unapokuwa umeulalia mji na baridi ya Ufipa imewafungia wengine ndani ya mablanketi, yeye huwa yuko katika miteremko ya milima ya Mbizi. Mwezi Septemba 2025 alimwona Alphonce Simbu akishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, kwa tofauti ya sehemu 3 tu katika mia za sekunde baada ya mwendo wa kilomita 42, akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo. Tangu siku ile mpwa wangu hana habari za ualimu. Anataka kwenda Arusha kujiunga na wakimbiaji. Mama yake alinipigia simu akasema kwamba katika ukoo wetu mjomba ana neno, na kwamba neno alilolitaka yeye ni katazo.

Sikutoa katazo wala ruhusa siku ile. Niliomba muda wa kufikiri, na fikira zangu zilianzia mahali ambapo Mfipa yeyote angeweza kuanzia, yaani kwenye chuma. Kabla majembe ya dukani hayajaenea, wazee wa Ufipa walikuwa mabingwa wa kutoa chuma katika mawe. Walijenga tanuri refu la udongo, lenye kimo cha kumpita mtu, liitwalo ilungu, na kwa wingi malungu. Masalia yake yangali yakionekana katika wilaya ya Nkansi. Walipanga ndani yake makaa na mawe yenye madini, wakawasha moto, wakauacha uwake mchana na usiku. Ilungu halikuwa na mivukuto. Kimo chake na matundu yaliyolizunguka shina lake vilitosha kuuvuta upepo. Walakini kilichotoka humo kilikuwa bonge lililochanganya chuma na taka, na hapana aliyeweza kulimia bonge hilo. Ilibidi livunjwe na kutiwa katika tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, ambalo halikuwaka vyema ila kwa mivukuto iliyoendeshwa na mikono ya watu. Hapo ndipo kilipopatikana chuma cha kumpa mhunzi afue jembe, shoka na mkuki.

Naona kwamba maisha ya mchezaji hupita katika matanuri mawili hayo. La kwanza ni ujana: lina upepo wake lenyewe, moto wake huonekana mbali, na watu hukusanyika kuutazama. La pili ni miaka ifuatayo: ni dogo, halina watazamaji, wala haliwaki bila mikono. Atakaye kujua thamani ya mchezaji asihukumu kwa bonge la kwanza. Nami sina mfano ulio karibu nasi, na ulio wazi, kuliko maisha ya Filbert Bayi.

Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Mwaka 1972, akiwa na miaka 19, alikwenda Munich kwenye Olimpiki, akakimbia mita 1500 na mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na kote akatolewa katika mchujo. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya, ambaye jina lake peke yake lilitosha kuwatia wengine hofu. Kisha ikaja tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand. Desturi ya wengi katika mbio za mita 1500 ilikuwa kuviziana: kila mtu hujificha nyuma ya mwenzake, akimwachia mwingine kazi ya kuupasua upepo, hata mzunguko wa mwisho ufike na kila mwenye akiba aitoe. Bayi hakuifuata desturi hiyo. Alitoka mbele tangu mwanzo akawaacha wenzake nyuma kwa nafasi iliyoonekana kuwa wazimu. Mwenyeji John Walker alimfukuza mwishoni, akaipunguza nafasi ile hatua kwa hatua, lakini aliyetangulia hakukamatwa. Saa zilionyesha dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, iliyodumu tangu 1967, ilivunjwa na Mtanzania wa miaka 20. Na Walker aliyekuwa wa pili alipita naye ndani ya rekodi hiyo ya zamani. Mwaka 1975 mjini Kingston, Jamaica, Bayi alimvua Ryun rekodi ya maili vilevile, kwa dakika 3 na sekunde 51. Muda wa Christchurch ulisimama kama rekodi ya dunia hadi 1979, na kama rekodi ya Michezo ya Madola hadi 2022, yaani miaka 48.

Kukimbia mbele ni tabia kabla ya kuwa mbinu. Atanguliaye huwalipia wote gharama: upepo wampiga yeye, mwendo auamua yeye, na mgongo wake ni shabaha ya walio nyuma. Akishinda husemwa kwamba ana nguvu. Akishindwa husemwa kwamba hana akili. Juma Ikangaa, Mtanzania mwingine wa tabia hiyo, alikuwa wa pili katika marathoni ya Boston miaka 3 mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ule wa 1988 ushindi ulimponyoka kwa sekunde moja. Lakini mwaka 1989 mjini New York alifika wa kwanza, wala hapakuwa na wa kumsogelea. Simbu alishinda Tokyo kwa njia nyingine, ya kungoja na kuchomoka mwisho kabisa. Na kabla ya hapo alikuwa amengoja miaka 8 tangu alipopata medali ya shaba katika mashindano kama hayo mjini London mwaka 2017. Njia hizi mbili zote zina heshima yake. Nimezitaja ili kijana ajue kwamba hata ndani ya tanuri la kwanza, lenye upepo wake, wengi huingia na wachache hutoka na kitu mkononi.

Tena tanuri hilo laweza kuzimwa na mkono usio wa mchezaji. Mwaka 1976 ulimwengu ulitazamia kuwaona Bayi na Walker wakikutana Montreal. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi, katika majira yaleyale ambayo watoto wa shule wa Soweto walipigwa risasi, na wakuu wa Olimpiki walikataa kuitoa New Zealand katika michezo. Nchi za Afrika zaidi ya 20 zilisusia, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Walker alichukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.2, mwendo uliokuwa sekunde 7 nyuma ya ule wa Christchurch. Ni kweli kwamba malaria ilimsumbua Bayi mara kwa mara katika miaka ile, na hapana awezaye kuapa kwamba angeshinda. Lakini mtu aliyenyimwa shindano amenyimwa hata haki ya kushindwa.

Wanafunzi wangu huniuliza kama nchi ilitenda haki. Huwajibu kwamba nchi ilikuwa na haki, kwamba haki hiyo ilikuwa na bei, na kwamba bei yenyewe haikulipwa na wote kwa kiasi kimoja. Mkulima wa Ufipa aliendelea kupalilia ulezi wake, karani aliendelea kugonga mihuri yake, na waziri aliendelea kukaa katika kiti chake. Kijana wa miaka 23 alitoa majira ambayo hayarudi. Ubaguzi wa Afrika Kusini ulikuwa uovu uliostahili kupingwa kwa kila silaha iliyopatikana, na mchezo ulikuwa mojawapo ya silaha hizo. Hata hivyo taifa linaloomba sadaka ya namna hiyo huingia katika deni, na deni hilo halilipwi kwa makofi.

Miaka 4 baadaye mambo yaligeuka. Marekani ilisusia Olimpiki ya Moscow kwa sababu majeshi ya Muungano wa Kisovieti yaliingia Afghanistan, na mwezi Februari 1980 Rais Carter alimtuma bondia Muhammad Ali kuzishawishi nchi za Afrika. Kenya ilisusia. Ali alifika Dar es Salaam, lakini Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na Tanzania ikaenda Moscow. Bayi alikuwa na miaka 27, naye safari hii aliingia katika mbio za kuruka viunzi na maji. Akatangulia, kama ilivyokuwa tabia yake. Alikuwa mbele kwa nafasi kubwa, hata katika mzunguko wa mwisho Mpolandi Bronisław Malinowski akamfikia na kumpita. Bayi alipata medali ya fedha kwa dakika 8 na sekunde 12.5, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali mbili hizo zilikuwa bado ndizo pekee za Tanzania katika Olimpiki hata baada ya michezo ya Paris ya mwaka 2024.

Hapa wasimulizi wengi wa michezo huweka nukta. Kwangu mimi hapa ndipo habari inapoanza kuwa na mafundisho. Malinowski, mshindi wa siku ile, alikufa kwa ajali ya gari mwezi Septemba 1981, akiwa na miaka 30. Tanuri la pili hakujaliwa. Walker, bingwa wa Montreal, alitangaza mwaka 1996 kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Mwili uliokuwa ukimtii ukaanza kumwasi, naye hata hivyo akawa diwani mjini kwake, akawatumikia watu. Nyambui alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, na baadaye akawa mmoja wa viongozi wa riadha nchini. Bayi alianzisha shule zinazoitwa kwa jina lake, huko Kimara na Kibaha. Mwaka 2003 akaanzisha taasisi ya kuwasaidia vijana. Na kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania.

Fikiri, msomaji, tofauti ya kazi hizi mbili. Mbio za Christchurch zilikwisha kabla chai haijapoa katika kikombe. Shule haiishi. Kila asubuhi kuna madawati ya kutengeneza, mwalimu wa kutafuta, mzazi wa kusikiliza, na mtoto asiyejua kusoma ambaye lazima ajue kabla mwaka haujakwisha. Hakuna saa ya kumwonyesha mwenye shule kwamba leo amevunja rekodi. Kazi ya namna hii ndiyo mivukuto: mkono huu ukishuka, ule hupanda, na ukiacha kidogo moto hupoa. Mtu aliyewahi kushangiliwa na uwanja mzima kisha akakubali kuamka kwa kazi isiyoshangiliwa ameshinda shindano gumu kuliko yote aliyoyashiriki. Medali ya fedha ya Moscow hukaa ndani ya kabati. Mtoto aliyefundishwa kusoma Kibaha anatembea barabarani, na kesho atamfundisha mwingine.

Mpwa wangu anayo hoja moja ambayo sikuweza kuipuuza. Asema kwamba Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwamba hewa yake nyepesi ni hewa iwaleayo wakimbiaji. Ni kweli kwamba kimo huufaa mwili, maana hewa ikiwa nyepesi damu hujizoeza kuibeba kwa wingi zaidi. Lakini mawe yenye chuma yamelala katika milima mingi, na chuma kilitoka pale tu palipokuwa na watu waliojua kulijenga ilungu. Mbulu, Karatu na Singida zina kimo, na juu ya kimo zina mazoea: mwalimu wa shule aliyewapanga watoto mstarini, mashindano ya mara kwa mara, na mshindi aliyerudi kijijini akawaonyesha wadogo zake kwamba njia ipo. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, mwaka uleule wa Christchurch. Katika nusu karne iliyopita milima ya Mbizi haikupungua kimo hata shubiri moja. Kilichokosekana si hewa. Amekosekana mtu wa kurudi.

Basi nilipopiga simu, neno langu lilikuwa na sehemu tatu. Kwanza, kijana aende, kwa maana ualimu waweza kumngoja, lakini mapafu yake hayatamngoja. Pili, aombe chuo kimwekee nafasi, na ajipe miaka 3 iliyohesabiwa, wala asiziache siku zimhesabie. Miaka hiyo ikiisha bila matunda arudi darasani bila aibu, kwa kuwa aliyejaribu hana la kuficha. Tatu, kila likizo aje Sumbawanga awafundishe watoto wa shule kukimbia, hata kama yeye mwenyewe hajashinda kitu, ili kintengwe chake kianze kujengwa wakati ilungu lingali likiwaka. Mpwa wangu aliitikia, "Ndiyo, mjomba," kwa haraka ya mtu aliyesikia sehemu ya kwanza peke yake. Dada yangu alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Na mivukuto hiyo, kaka, ataiendesha nani?"

Niliahidi nauli na viatu, na chakula cha mwaka wa kwanza, nami nimeanza kuvitoa. Ahadi hiyo ilimtosha dada yangu. Mimi haikunitosha, kwa sababu swali lake lilikuwa kubwa kuliko mfuko wa mjomba mmoja. Kila mwaka vijana wengi wa nchi hii huingia katika tanuri la kwanza kwa miguu, kwa ngumi au kwa mpira, na nchi hufurahi kuota moto wao. Wakitoka na medali huwabeba mabegani kwa siku 1; wakitoka bila medali hawaulizwi hata majina yao. Vyuo vikuu vyetu vyaweza kumpokea mkimbiaji wa miaka 32 kama mwanafunzi mwenye ujuzi ambao wenzake hawana, badala ya kumwona mtu aliyechelewa. Shule zaweza kumwajiri. Vyama vya michezo vyaweza kumfikiria tangu siku anapoandikishwa, kabla goti lake halijauma. Haya yote yahitaji mikono mingi na uvumilivu wa kazi isiyoonekana.

Wazee wa Ufipa hawakumpa sifa ya uhunzi mtu aliyejua kuwasha moto tu. Walingoja mpaka jembe liingie shambani. Nasi tunapozihesabu rekodi za wachezaji wetu, na tuzihesabu kwa haki na kwa furaha, tungoje kidogo kabla ya kufunga daftari, tuone wanachokilima baadaye, tena tujiulize ni mara ngapi tuliwashika mkono katika kulima huko.